Saa moja na nusu kwenye logibuku, dakika 45 kwenye leseni: wazazi wa Mtwara na Lindi mnauziwa mbuzi kwenye gunia

Wakuu, salamu kutoka Kusini. Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa nauli za ndege, ni mambo mawili tofauti.

Naandika kwa hasira na sitaomba radhi. Msimu wa korosho ukianza tu, pesa za mnada zikishaingia kwenye akaunti za wakulima, matangazo ya vyuo vya urubani nayo yanaanza kuzagaa kwenye magrupu ya WhatsApp kuanzia Newala mpaka Nachingwea. Picha ya kijana kavaa shati jeupe, mabega yana mistari ya dhahabu, chini yake wameandika "miezi 18 tu, uwe rubani". Mwezi wa 19 kuna nini? Kimya.

Tupige hesabu. Kutoka sifuri hadi leseni ya biashara, yaani CPL yenye reting (kibali cha ziada) ya vyombo, ya kuruka bila kuona nje, na ya injini mbili, ukienda Kenya, Afrika Kusini au Marekani, ukiweka na chakula na malazi, dola 50,000 ni makadirio ya mtu mpole. Chukulia dola ni shilingi 2,500 na kilo ya korosho shilingi 2,500: dola moja, kilo moja. Tani 50. Na hapo hujatoa makato ya AMCOS (chama cha ushirika), salfa, wapuliziaji na waokotaji. Kuna koo nzima Tandahimba hazifikishi tani 50 kwa msimu.

Tani zote hizo zinanunua saa 200 za kuruka. Ndicho kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa CPL, na zinashuka hadi 150 ukipitia kozi iliyoidhinishwa. Kijana anarudi, anafungua tangazo la kazi, anakuta: "awe na saa 500 kwenye aina ya ndege tunayotumia". Kwenye aina ile ile! Mwenye saa 500 kwenye aina hiyo si tayari ana kazi?

Sharti hilo mara nyingi halitoki kichwani mwa meneja. Liko kwenye bima. Mkataba wa bima ya ndege huwa na kifungu cha marubani: saa ngapi kwa jumla, ngapi kwenye aina hiyo. Akirusha mwenye pungufu na ndege ikapata ajali, kampuni inabaki na mabati yake. Linaweza kujadiliwa na mtu wa bima kwa kuongeza malipo, au kwa kuahidi saa kadhaa chini ya kapteni mwalimu. Kinachoudhi ni kwamba waajiri hawasemi hivyo. Wanapokea CV yako, wanakwambia "tutakupigia", miaka miwili inapita, na reting ya vyombo inayohuishwa kila miezi 12 imeshakufa.

Hapo bado hatujafika kwenye wizi wenyewe.

Ndege ndogo mnazoziona Kilwa, Mafia na viwanja vya vumbi vya huku kwetu nyingi ni Cessna Caravan. Caravan ilipewa cheti kama ndege ya rubani mmoja. Kiti cha kulia kina usukani na pedali zake, lakini cheti chake hakidai mtu pale. Kijana anawekwa kama rubani msaidizi. Dar hadi Mtwara ni kama kilomita 400 kwa angani, Caravan inachukua karibu saa moja na nusu. Jioni anafungua logibuku, daftari la saa zake za kuruka, anaandika 1.5 kwenye safu ya rubani msaidizi, kapteni anasaini. Kila mwezi anajumlisha, anaona ATPL, leseni ya juu kabisa ya urubani, inasogea, maana ATPL ni saa 1,500.

Someni Kiambatisho cha 1 cha ICAO. Rubani msaidizi kwenye ndege ya rubani mmoja, ambayo nchi imeagiza iwe na wawili, anahesabiwa si zaidi ya nusu ya saa zake kuelekea leseni ya juu. Nchi inaweza kuruhusu zihesabiwe zote, lakini kwa masharti: ndege iwe na vifaa vya rubani wa pili, na iendeshwe kwa taratibu za marubani wawili. Kwa hiyo ile 1.5 inaweza kugeuka 0.75, dakika 45, siku unapopeleka maombi.

Na angalieni neno "nchi imeagiza". Halijasema "mteja ametaka". Makampuni ya mafuta na gesi yakikodi ndege mara nyingi hudai marubani wawili kwenye mkataba wao. Hilo ni sharti la mteja. Kama halimo kwenye kitabu cha uendeshaji cha kampuni kilichopita mikononi mwa TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, aliyekaa kulia ni abiria mwenye shati zuri.

Fanya hesabu ya miaka. Umetoka chuo na 200, bado 1,300. Ukiruka saa 60 kwa mwezi na zote zikahesabiwa, ni kama miezi 22. Zikihesabiwa nusu, unahitaji 2,600: miezi 43. Karibu miaka miwili ya ujana wa mtu imeyeyuka kwa sababu hakuna aliyemuonyesha ukurasa mmoja.

Tena jumla ya 1,500 si kila kitu. Ndani yake ICAO inadai saa 250 ukiwa rubani kiongozi; angalau 70 ziwe za uongozi kamili na zilizobaki zinaweza kuwa za uongozi chini ya usimamizi, yaani unaongoza wewe huku kapteni akikuangalia. Au 500 zote za usimamizi. Inadai saa 100 za usiku, na 75 za vyombo. Safari za Caravan nyingi ni za mchana, jua likizama saa 12 jioni ndege imeshafungwa kamba. Saa 100 za usiku atazitoa wapi? Na zile za usimamizi lazima kapteni asaini mstari kwa mstari. Usisubiri mwisho wa mwaka. Kapteni akihama, au akigombana na ofisi, saini yake haifuatiliki, na mistari isiyo na saini ni wino tu.

Twende kwenye ukongwe, maana ndiko wanakolia hata waliofanikiwa kuajiriwa.

Kwa wenzetu, hasa Marekani, kila rubani ana namba. Namba inatokana na tarehe ya kuajiriwa. Walioingia darasa moja siku moja mara nyingi wanapangwa kwa umri au kwa kura. Namba hiyo ndiyo inaamua utaruka ndege ipi, utakaa kituo gani, likizo yako ni Desemba au Februari, na zamu ya kujaribu ukapteni inakufikia lini. Kampuni ikipunguza watu, inaanzia chini. Ukihamia kampuni nyingine, hata kama ulikuwa kapteni wa saa 15,000, unaanza mkiani. Ni kali, na nakubali ina ubaya wake: mzembe aliyetangulia anabaki mbele ya hodari aliyechelewa. Lakini inasomeka. Hata kampuni zikiungana watu wanajua wapi pa kushika: American ilipoichukua TWA mwaka 2001, marubani wengi wa TWA walibandikwa chini ya orodha, na kelele za wafanyakazi wa TWA zikachangia sheria ya mwaka 2007 inayotaka orodha ziunganishwe kwa haki.

Huku kwetu ukiuliza orodha iko wapi unaambiwa "tunaangalia uwezo". Uwezo upi, na nani kaupima? Mtihani wa simuleta, mtambo unaoigiza ndege, mara mbili kwa mwaka unapima kufaulu na kufeli, haupimi nani amsalimie nani korido. Na hata penye orodha kuna mtego wa tarehe. Vijana wawili wanasaini mkataba tarehe 1 Machi. Mmoja anapata nafasi ya simuleta Aprili, mwingine anaambiwa asubiri hadi Julai. Orodha ikifuata tarehe ya kusaini, wako sawa. Ikifuata tarehe ya kumaliza mafunzo ya njiani, yale ya safari halisi na kapteni mwalimu, huyu wa pili kapitwa na wote walioingia katikati, kwa kosa lisilo lake.

Na bondi! Kampuni inakulipia reting ya aina ya ndege, tuseme dola 30,000, unafungwa miezi 36. Sawa, pesa yao. Ila bondi ya haki inapungua kila mwezi: 30,000 gawa kwa 36 ni kama dola 833. Ukiondoka mwezi wa 30, unadaiwa kama 5,000. Kuna mikataba ambayo ukiondoka mwezi wa 35 unadaiwa 30,000 nzima. Kuna inayoanza kuhesabu siku ya safari ya kwanza na abiria badala ya siku mafunzo yalipoisha. Kuna inayoanza upya kila ukibadilishiwa ndege, hata kama hukuomba. Na wakikwambia uache cheti halisi cha kidato cha nne ofisini "kama dhamana", funga begi.

La mwisho, makapteni wa kigeni. Siwachukii, ndege ya abiria kama ATR haiendi na marubani wasaidizi wawili, na lazima awepo wa kufundisha. Lakini sheria ya ajira za wageni ya 2015 inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumrithisha ujuzi Mtanzania. Ni Mtanzania gani, na lini? Kapteni wa nje akiingia moja kwa moja kiti cha kushoto, cha kapteni, kila aliyekaa kulia anasogea nyuma hatua moja, na wazee wanaruhusiwa hadi miaka 65 tangu ICAO ilipopandisha kutoka 60 mwaka 2006.

Nimemaliza. Mwenye kubisha abishe kwa kifungu.

Mchangiaji wa 2: Mkuu, hoja zako zina mashiko ila umeruka njia moja. Ualimu. Kijana akibaki chuoni akachukua reting ya ualimu, saa anazofundisha anaandika kama rubani kiongozi. Zile 250 anazimaliza huko huko, na za usiku anaweza kuzipanga. Mshahara ni wa sukari na sabuni, lakini logibuku inakuwa safi kuliko ya aliyekaa miaka mitatu kulia kwenye Caravan.

Mleta uzi: Kweli kaka. Ila ulizeni kabla ya kulipa ada kama chuo kinaajiri wahitimu wake na kama kibali cha kazi cha nchi ile kinaruhusu. Wengi visa ya mwanafunzi inawatimua wiki ileile wanayofaulu.

Mchangiaji wa 4: Sasa sisi wazazi tulioshika pesa mkononi tuanzie wapi?

Mleta uzi: Shangazi, kabla ya kuuza hata kilo moja mpeleke mtoto akapime afya daraja la kwanza kwa daktari aliyeidhinishwa na TCAA. Watampima macho pamoja na rangi, masikio, na moyo kwa ECG. Wapo wanaogundulika hawatofautishi nyekundu na kijani wakiwa wameshalipa nusu ya ada. Kisha Kiingereza: anatakiwa kiwango cha 4 cha ICAO, na kiwango hicho kinapimwa tena kila miaka mitatu. Akipita vyote viwili, njoo na mkataba wa chuo hapa hapa tuusome pamoja, hasa ukurasa wa kurudisha ada.