Kabureta imeguswa, utajuaje imepona? Plagi, simu au chupa ya mafuta

Chuno_Kwetu: Wakuu, pikipiki ni injini ya CG 150, kabureta ya 27, inapiga Mtwara–Tandahimba na magunia ya korosho. Plagi inatoka nyeusi, mafuta inakula. Nataka kipimo cha uhakika, siyo kusikiliza mlio. Kusoma plagi, kupima mbio kwa simu, au kupima mafuta kwa chupa?

Spana_Kumi: Kabla ya kupima: eakilina safi, mwanya wa vavu 0.08 mm injini ikiwa baridi, plagi D8EA mwanya 0.6 hadi 0.7 mm, na choki iwe inarudi yote. Choki iliyokwama nusu imeuzia watu kabureta nyingi mpya.

Halafu skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye kabureta, injini ikiwa moto. Ikiwa upande wa injini, ukifungua unaongeza petroli. Ikiwa upande wa eakilina, ukifungua unaongeza hewa. Hapa ndipo wengi wanaenda kinyume. Funga taratibu mpaka ikae, usikaze maana ncha inaharibika, fungua mzunguko mmoja na nusu, kisha cheza nayo robo robo hadi silensa (mizunguko ya injini usipogusa akseleta) ipande juu kabisa. Malizia kwa kushusha silensa hadi mizunguko 1,400 hivi kwa dakika. Tachomita (kipima mizunguko) ya waya wa plagi ikisoma 2,800 usishtuke: injini hii inapiga cheche kila mzunguko, weka tachomita kwenye cheche moja kwa mzunguko mmoja.

Kijiweni_Lindi: Sawa, ila skrubu hiyo inatawala silensa hadi kama robo ya akseleta. Katikati ni kazi ya sindano ya ndani ya kabureta, robo ya mwisho ni jeti kubwa, yaani kipande chenye tundu la kupitisha petroli. Kwa hiyo plagi nyeusi iliyotolewa baada ya kuunguruma kijiweni haisemi lolote kuhusu jeti kubwa. Weka plagi mpya, gia ya nne, akseleta yote kama kilomita moja, kisha bana klachi na zima kwa swichi papo hapo. Tazama kauri kwa ndani kabisa, kwa tochi. Masizi makavu, petroli imezidi. Nyeupe yenye vichembe, hewa imezidi na pistoni iko hatarini.

Lami_ya_Masasi: Plagi inakuambia umekosea upande gani, haikuambii umepata nguvu kiasi gani. Mimi nasimama na simu: programu ya GPS, gia ya nne, akseleta yote, hesabu sekunde kutoka 40 hadi 70 km/h. Mara tatu kwenda, mara tatu kurudi, maana kusi ikivuma inakusukuma upande mmoja. Dereva yuleyule, mzigo uleule. GPS ya simu nyingi inasoma mara moja kwa sekunde, kwa hiyo tofauti ya nusu sekunde usiishangilie. Spidomita achana nayo. Na tafuta tambarare, mteremko wa Mikindani utakupa nguvu za bure.

Chuno_Kwetu: Na huko juu uwanda wa Makonde hewa ni nyepesi. Nibadili jeti?

Spana_Kumi: Hapana. Ukipanda mita 700 hewa inapungua kama asilimia 7, mchanganyiko unaongezeka petroli kama asilimia 3 na nusu tu. Nguvu itapungua kidogo na jeti haitairudisha.

Kijiweni_Lindi: Kwa anayebeba mzigo, chupa iwe ya kwanza. Chupa yenye alama za ml, mpira moja kwa moja hadi kabureta, chupa ikae juu ya kabureta na mbali na ekzosi, kifuniko kiwe na tundu la hewa. Weka 500 ml, tembea njia ileile hadi izime, andika kilomita. Kisha pandisha klipu ya sindano ngazi moja juu, ambayo inashusha sindano na kupunguza petroli, urudie.

Lami_ya_Masasi: Hapo tunakubaliana, ila simu iende pamoja na chupa. Kilomita zikiongezeka na sekunde zikabaki zilezile, acha klipu hapo. Sekunde zikiongezeka, au ukiachia akseleta silensa inachelewa kushuka, rudisha. Ila kwanza mwagia maji kidogo kwenye maungio ya kabureta na injini: mlio ukibadilika, pale panavuta hewa, na kila ulichopima hakina maana.

Chuno_Kwetu: Jeti nimeisafisha kwa waya wa breki. Kuna shida?

Spana_Kumi: Ipo. Tundu la 1.00 mm likifika 1.05 eneo limeongezeka asilimia 10. Nunua jeti nyingine ya namba ileile, halafu ndiyo uanze na chupa.