Msaada wakuu: desktop nimeiwekea kadi ya grafiki lakini gemu bado zinakwama

dogo_wa_tandika
Habari za muda huu wakuu, niende moja kwa moja. Nina desktop ya mtumba zile za maofisini, nyembamba za kulala, nilinunua Kariakoo mwaka jana ina prosesa ya i5-4590 na ramu 4GB. Nikajibanabana miezi kadhaa nikairudisha dukani wakaniwekea ramu mpaka 16GB, diski ya SSD ya 240GB na kadi ya GTX 1650 ya 4GB ile fupi isiyohitaji waya wa umeme, kazi yote kafanya fundi mimi nimesimama nje ya kaunta maana ndani hapaingiliki.

Sasa shida ni hivi, nikifungua GTA V dakika tano sita za kwanza napata fremu 60 na kitu kwa sekunde, raha mustarehe, halafu inaanza kushuka 40, 30, mara 18, gari linaruka kama naangalia picha mojamoja na sauti inakatika. Nimeshusha setingi zote mpaka chini, ukubwa wa picha nimetoka 1080 nimeenda 720, hakuna kilichobadilika na hapo ndo nachanganyikiwa. Fundi nikimpigia ananiambia hiyo gemu nzito, nunua kadi kubwa. Hela ya kadi nyingine sina, hii yenyewe nimekula mihogo miezi mitatu. Naombeni mawazo.

Mzee wa Waya
Pawa saplai hiyo. Hizo desktop nyembamba zinakuja na wati 255 au chini ya hapo, haiwezi kuendesha kadi. Badilisha saplai kwanza.

kijana_wa_bei
Uza hiyo kitu ongeza hela nunua PS4, utanikumbuka

BiMkubwa_Tech
Mzee wa Waya shikamoo, ila hapo nakataa kidogo. GTX 1650 isiyo na waya inakula wati 75 tu kutoka kwenye sloti ya bodi iliyochomekwa, prosesa yake ni ya wati 84, jumlisha na vidogovidogo hata 200 hufiki. Na saplai ikizidiwa mara nyingi mashine inazima ghafla au inajiwasha upya, haichoki taratibu hivi.

Mdogo wangu, umesema vitu viwili vya maana sana pengine hata hujui. Cha kwanza inaanza vizuri halafu inachoka. Cha pili umeshusha picha mpaka 720 na hakuna kilichobadilika. Kadi ingekuwa ndio imeelemewa, ukishusha picha lazima ungeona nafuu. Hiyo gemu kwenye PC ni ya 2015 na wenyewe walipendekeza prosesa ya i5-3470 na kadi ya GTX 660, mashine yako imeshavuka hapo, kwahiyo maneno ya fundi kwamba ni nzito hayasimami (labda uwe unacheza lile toleo jipya la Enhanced la 2025, hiyo ndio inadai zaidi).

Nifanyie hivi. Shusha HWiNFO, programu ya bure ya kusoma joto na spidi, iache wazi nyuma, cheza dakika kumi halafu niletee namba nne: joto la prosesa, spidi ya prosesa kwa GHz, joto la kadi, na kadi inatumika asilimia ngapi. Usiniambie "iko sawa", leta namba.

pwani_gamer
Na waya wa monita umechomeka wapi? Kama umechomeka kule juu kwenye bodi badala ya chini kwenye kadi basi unachezea grafiki ya prosesa, mimi nilikaa wiki mbili hivyo nikimlaumu kila mtu

dogo_wa_tandika
Waya uko kwenye kadi, nimehakikisha. Na nacheza ile ya zamani sio Enhanced. Namba hizi hapa dada:
mwanzo: prosesa 3.5GHz joto 81, kadi 95%
dakika ya kumi: prosesa 1.2GHz joto 99, kadi 31% joto 54

Hiyo 99 ni kawaida kweli?

BiMkubwa_Tech
Sio kawaida hata kidogo. Prosesa yako ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia spidi yenyewe ili isiungue, ndio maana imetoka 3.5 ikaanguka 1.2. Kadi yako nzima kabisa, nyuzi 54 na inafanya kazi theluthi tu kwasababu haipelekewi kazi. Ni mgahawa ambao mpishi kazimia kwa joto jikoni, wahudumu wamekaa wanachezea simu, halafu fundi anakwambia ajiri wahudumu wengine.

Zima, chomoa waya ukutani, fungua mfuniko upige picha ya ndani.

dogo_wa_tandika
[picha] Vumbi lipo kiasi. Feni ya mbele inazunguka nimeiona kwa macho yangu.

fundi_kimya
Kiko wapi kile kiplastiki cheusi cha juu ya hitisinki, kile chuma cha kupoza prosesa?

dogo_wa_tandika
Kiplastiki gani mkuu?

fundi_kimya
Hizo za ofisini nyingi hazina feni juu ya prosesa. Kuna feni moja mbele, na kuna kiplastiki kama handaki kinachukua upepo wa ile feni na kuupitisha kwenye hitisinki. Ukikitoa, upepo unasambaa kwenye kesi nzima na prosesa inabaki inachemka. Fundi alikitoa apate nafasi ya kuingiza ramu, hakukirudisha. Na hizo ramu zote mbili kaziweka chaneli moja (njia moja ya data badala ya mbili), angalia rangi za sloti, zinatakiwa zikae mbili za rangi moja. Kitabu cha mashine kina mchoro.

Mzee wa Waya
Marahaba binti. Nimejifunza hapo.

BiMkubwa_Tech
Fundi_kimya umeona mbali, mie nilikuwa naelekea kwenye pesti, ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki. Ila dogo pesti nayo badilisha ukishafungua, mashine ya 2014 hiyo, sidhani kama kuna aliyewahi kuigusa.

dogo_wa_tandika
Wakuu nimerudi na mrejesho. Jana nimeenda dukani, nimeingia moja kwa moja mpaka kwenye benchi ya fundi sikusubiri kukaribishwa, na kiplastiki changu nimekikuta pale pale, kimegeuzwa juu chini kimejaa skrubu. Nikamuuliza hiki cha nini, akasema "hicho cha urembo tu". Nimemwaga skrubu zake mezani nikaondoka nacho, sikutaka ugomvi.

Nyumbani nimefungua hitisinki, pesti ilikuwa imekauka kama chokaa ya ukutani, nikiigusa inadondoka vipande. Nimeifuta kwa spiriti na kitambaa, nikaweka mpya tone dogo kama punje ya mchele, nikapuliza vumbi, nikahamisha ramu moja, nikarudisha kiplastiki kikaingia "ka!".

Nimecheza saa nzima. Prosesa 3.5GHz haishuki, joto 70 mpaka 74, kadi 90 na kitu, fremu 60 kwa 1080 na setingi za kati. Mjini kwenye foleni bado inashuka mpaka 48 hivi.

BiMkubwa_Tech
Safi sana. Hiyo 48 ya mjini ndio umri wa prosesa sasa, kori nne na thredi nne tu, yaani inashika kazi nne tu kwa mpigo. Punguza wingi wa watu na magari kwenye setingi, halafu ifungie fremu 60. Siku ukipata hela, prosesa ya i7-4790 inaingia kwenye soketi hiyo hiyo na ni wati 84 vilevile, ila hakikisha BIOS (programu ya kuwashia mashine) ya bodi yako inaikubali kabla hujalipa.

pwani_gamer
Samahani wakuu, mimi yangu haina kiplastiki kabisa na inafika 88, je

fundi_kimya
Fungua uzi wako. Na uje na picha.