Fildi mwaka wa pili umeme: niende karakana ya kusuka mota au niendelee kusubiri kampuni kubwa?

Mluguru wa Kihonda

Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa pili injinia ya umeme, chuo tunafunga mwezi wa saba na tunatakiwa fildi wiki 8. Barua za chuo nilichukua mapema nikapeleka sehemu kadhaa Dar na nyingine huku nyumbani Morogoro, zote kampuni kubwa na mashirika. Nikipiga simu naambiwa faili liko kwa mkubwa, nikienda mwenyewe naambiwa nafasi zimejaa au nisubiri nitapigiwa.

Sasa hapa Moro kuna karakana ya kusuka mota, yaani kuzifunga waya upya zikiungua, ya mzee mmoja anayefahamiana na baba, ana mafundi wake na wanaletewa mota za mashine za kusaga, pampu za visima, na za viwandani pia. Mzee kakubali fasta, kasema njoo ila uje ufanye kazi. Wenzangu wananiambia nikienda kule nimepotea, ripoti itaonekana ya mtaani na kwenye sivii haitasomeka. Mmoja kaniambia kabisa bora nikae nyumbani nimpe hela jamaa yake anigongee muhuri kwenye logibuku (daftari la kazi za kila siku za fildi) mpaka mwisho, hilo nimelikataa ila nawaambia mjue hali ilivyo huku kwetu.

Dar sina pa kufikia. Fomu ya kujaza mahali ninapokwenda mwisho wiki ijayo. Naombeni ushauri wa kweli hasa mliopita umeme au mitambo.

Zamu ya Usiku

Dogo nenda karakana. Nasema hivi nikiwa kiwandani, kazi yangu matengenezo ya umeme na kila mwaka tunapokea wanafunzi. Wiki ya kwanza ni mafunzo ya usalama na kugawiwa kofia ngumu, wiki ya pili wanazungushwa idara, baada ya hapo wanasimama nyuma ya fundi, maana laini inazalisha na hakuna meneja atakayeizima ili mwanafunzi afungue paneli. Sio roho mbaya, ni hasara na ni hatari pia. Wengi wanamaliza wiki 8 logibuku imejaa "nilimsaidia fundi kubadilisha kontakta" (swichi ya kuwashia mota) kurasa baada ya kurasa.

Karakana kazi inakuja mezani kwako imezimwa, hakuna wa kukuharakisha. Na mota iliyoungua ukijua kuiangalia unajua kilichoiua. Ukifungua kifuniko ukakuta koili zote zimekuwa nyeusi sawasawa, hiyo ilizidiwa mzigo, au feni yake imekufa, au voltiji ilikuwa chini muda mrefu. Ukikuta zimeungua kwa mafungu, fungu jeusi, linalofuata halijaungua, zunguka hivyo, hapo fezi moja ilikatika na mota ikaendelea kuvuta na zilizobaki. Staa na delta ni namna mbili za kuunganisha koili tatu za mota: kama imefungwa staa utakuta fezi mbili zimeungua moja iko salama, kama delta ni kinyume, moja imeungua mbili ziko salama. Chukua karatasi uchore koili tatu ukate waya mmoja uone. Kwenye staa koili ya fezi iliyokatika inabaki haina njia, zile mbili ndo zinabeba kila kitu. Kwenye delta kuna koili moja inabaki imekaa katikati ya fezi mbili zilizo hai na voltiji yake yote, na wenzake wawili wamekuwa mfululizo, kwahiyo yule mmoja anabeba zaidi na ndo anaungua. Hii kitu darasani inapita kwenye slaidi moja mtu anakariri anafaulu, ila ukiikuta na macho yako haitoki tena kichwani.

Usiishie hapo. Mota ikishasukwa omba uende na fundi kuirudisha kwa mteja, kwa sababu chanzo kiko kule sio karakana. Angalia ovalodi, kile kifaa cha kukata umeme mota ikizidiwa, imewekwa ngapi. Mota ya kilowati 7.5 kwenye volti 400 inavuta kama ampea 15, sasa utakuta mwenye mashine ya kusaga kachoka inakata kila saa kaizungusha mpaka 25. Au starta ni staa-delta (inawasha mota kwa staa kisha inahamia delta) na ovalodi iko ndani ya delta, pale inatakiwa iwekwe asilimia 58 ya ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, yaani kama 8.7, yeye kaweka 15 nzima kwa sababu ndo kaiona kwenye kibati. Hiyo mota itarudi karakana na watasema fundi hakuisuka vizuri. Ukifuata mota chache hivyo, kutoka zimeungua mpaka umejua kwanini, una ripoti ya maana kuliko ya aliyepiga picha kwenye geti la kampuni.

Kisiki cha Mpingo

Mkuu Zamu ya Usiku nakuheshimu na hayo ya mota ni kweli tupu, lakini unamfungia dogo kwenye chumba kidogo. Mota ni kipande tu cha umeme. Relei za ulinzi, transifoma kubwa, breka za msongo mkubwa, kupatanisha jenereta na gridi kabla ya kuiunganisha, hayo hakuna karakana ya mtaani itakayomuonesha hata akae mwaka.

Na yuko Morogoro jamani! Kidatu iko mkoa wake, jumba la mitambo liko chini ya ardhi, mashine 4 za megawati 51 kila moja jumla 204, na zimekuwa zikifanya kazi tangu miaka ya 70. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mashine 9 na kila moja ni megawati 235, piga hesabu mwenyewe, ni 2115. Kilombero na Mtibwa wana viwanda vya sukari ambavyo makapi ya miwa yanachomwa kwenye boila, mvuke unazungusha mashine na umeme wao wanazalisha wenyewe. Kijana wa umeme akishuka sehemu kama hizo hata asishike kitu anatoka anaona mfumo mzima unavyoshikana. Halafu tuseme ukweli, ajira nchi hii mtu anayekufahamu ana uzito. Karakana ya mzee watakaokufahamu ni mzee na wasagaji.

Mimi ningemwambia apande basi aende mwenyewe akaonane na watu, barua peke yake haitoshi.

Zamu ya Usiku

Kisiki hapo kwenye sukari ngoja niongezee kitu. Viwanda vile vinafumuliwa matengenezo makubwa msimu wa mvua za masika, kama mwezi wa tatu mpaka wa tano, miwa ikiwa haivunwi. Vyuo vikifunga mwezi wa saba wao wameshaanza kusaga na ikishaanza hawataki isimame. Mwanafunzi atakuta kila kitu kinazunguka na kila kitu kimefungwa. Kuona mfumo sawa ataona, sikatai. Ila mwaka wa pili bado hajui aangalie nini, na mwaka wa tatu ana fildi nyingine. Hiyo ya mwaka wa tatu ndo apiganie Kidatu.

Mama Nuru

Wote wawili mnaongea kama hela ipo. Mwenye mkopo bodi ya mikopo imekuwa ikimpa 10,000 kwa siku, siku 56, ni 560,000 yote kwa yote. Toa chumba cha miezi miwili kwa mji usio na ndugu, nauli, chakula, buti za usalama ambazo sehemu nyingi unajinunulia. Na usipange kama vile itakuwa mfukoni siku ya kwanza. Kuna wanafunzi wamekwenda kampuni yenye jina wakashinda na maandazi mpaka wakaanza kukwepa kwenda, mwisho wa siku logibuku wamejazia chumbani. Kulala kwenu na kula kwenu nako ni sababu halali ya kuchagua, mtu asikuone mzembe.

Ila mdogo wangu kabla hujajaza fomu jaribu sehemu moja ambayo wanafunzi wa umeme wanaisahau, watu wa maji. Nyie mnaona maji ni ya sivo. Pampu zinaendeshwa na nini? Mota kubwa, starta, paneli, transifoma yao wenyewe, vipimo vya kina kwenye matanki, na bili ya umeme ndo inawaumiza kichwa kila mwezi. Moro mjini kuna MORUWASA, vijijini kuna RUWASA. Pia TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme, wana karakana mikoani. TARURA wako kila wilaya ila huko ni barabara, waachie wenzako wa sivo.

Kuhusu barua zako, bila shaka ulizikabidhi getini au mapokezi ukaondoka. Barua ya taasisi ya umma inaingia masjala. Unakwenda na nakala, yako inagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, unaomba namba ya kumbukumbu unaiandika. Siku ya kufuatilia hutaulizia "barua yangu imefikia wapi", unataja tarehe na namba, karani anaangalia kwenye rejesta anakwambia iko meza ya nani. Halafu utumishi hawajui kama kazi yako inahitajika, wanamuuliza injinia wa kitengo tu "huyu unamchukua?" akisema ndio imeisha. Kwahiyo mtafute injinia wa kitengo, msalimie, mwambie kwa sentensi mbili unataka kujifunza nini pale, uwe mahususi. Anayesema "nataka kujifunza chochote" anamuongezea mtu kazi ya kumfikiria.

Na mabinti mnaosoma hapa, kabla ya kukubali saiti au karakana yoyote ulizieni choo na mahali pa kubadilishia nguo. Ulizeni bila aibu, siku ya kwanza. Nimeona mabinti wanabana kutwa nzima na hakuna anayejali kwa sababu hawakuuliza.

Chaki na Spana

Nasimamia wanafunzi wa fildi kwenye chuo kimojawapo, niongeze ya upande wetu.

Karakana ndogo hatuikatai kwa ukubwa wake. Tunachouliza ni nani atakayesaini logibuku. Lazima awe mtu mwenye taaluma, injinia au fundi sanifu, ambaye naweza kukaa naye nikamuuliza kijana amefanya nini. Kwahiyo kabla ya kujaza fomu muone mratibu wa fildi wa idara yako, mwambie ukweli wote kuhusu hiyo karakana. Usipeleke kwanza ukaja kueleza baadaye.

Hilo la muhuri wa kununua linaniuma sana na limeenea. Ni kughushi, hilo moja. La pili, tunalijua ndani ya dakika chache. Nikija kukagua sisomi logibuku kwanza, nakwambia nichoree paneli uliyoifungua juzi, niambie ulipima nini ukapata ngapi. Aliyekuwepo anachora hata vibaya lakini vitu vinakaa mahali pake, ambaye hakuwepo anaanza kunipa maelezo ya kwenye intaneti. Wiki 8 hazirudi, na baadaye ukitaka usajili kwa ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, kuna miaka 3 ya mafunzo baada ya chuo, utakaa mbele ya mainjinia wazoefu ambao hawatazami muhuri.

Kwenye ripoti nataka mkono wako. Mchoro umeuchora wewe, sio wa kunakili. Vipimo na mazingira yake, ukisema umepima insulesheni kwa mega (kifaa cha kupima kama umeme unavuja kwenye waya) andika ulipima kwa volti ngapi, mota ilikuwa ya moto au imepoa, kabla ya vanishi au baada ya kutoka kwenye oveni. Namba tupu haina faida. Ukipata chini ya megaomu 1 ukaona mtu anataka kuiwasha hivyohivyo, hiyo nayo iandike.

Mluguru wa Kihonda

Shikamooni wakubwa wote, asanteni sana, nimesoma kila kitu mara mbili.

Mrejesho. Mratibu nimemuona, kasema karakana inakubalika iwapo wa kusaini ana sifa. Nikarudi kwa mzee kumuuliza, kumbe ana FTC, cheti cha fundi sanifu, ya Dar Tech, chuo cha ufundi Dar kile cha zamani kabla haijawa DIT, vyeti anavyo kwenye bahasha, kakubali kusaini na kampa mratibu namba yake wamezungumza. Fomu nimeshajaza karakana.

Dada Mama Nuru (samahani kama ni mama) nimekwenda na kwa watu wa maji kama ulivyosema, masjala wamepokea na namba ninayo. Injinia wa pampu nimemuona, kasema mwaka huu wameshajaza ila mota zao kuna zinazoletwa hapohapo kwa mzee, nikija nazo kuzirudisha atanionesha chumba cha pampu na paneli. Hiyo kwangu ni kubwa.

Kaka Kisiki, Kidatu nimeiweka ya mwaka wa tatu, barua nitapeleka mwezi wa kwanza nisingoje mwezi wa sita.

Swali la mwisho kwa Zamu ya Usiku, Jumatatu naanza, nianze na nini nisionekane mzigo?

Kisiki cha Mpingo

Mwezi wa kwanza umesema vizuri. Na hicho chumba cha pampu usikidharau, omba uone mchoro wa umeme wa laini moja kuanzia transifoma mpaka kwenye mota. Ukiweza kuusoma huo, siku ukishuka Kidatu hutapotea. Nimekubali, umepanga vizuri.

Zamu ya Usiku

Anza na kazi ambayo mafundi wengi hawaipendi, kuchukua data kabla ya kukata waya ulioungua. Nunua daftari gumu. Andika kibati chote. Hesabu sloti (mifereji ya kukalia waya), koili inatoka sloti ya ngapi inaingia ya ngapi, mizunguko mingapi kwa koili, waya mmoja au miwili sambamba, kipenyo chake upime na maikromita baada ya kuchoma rangi yake, miunganisho ya mwisho ichore na uipige picha. Hiyo data ikipotea waya ukishatolewa fundi anabaki anakisia, na mota nyingi zinazopata moto baada ya kusukwa zilianzia hapo.

Halafu hakiki kwa hesabu, usiandike tu. Mota ya mzunguko kama 1440 kwa dakika ni ya poli 4 (ncha za sumaku). Ukihesabu sloti 36, gawa kwa 4, gawa kwa 3 ya fezi, unapata 3, maana yake kama ni ya safu mbili (kila sloti inabeba pande mbili za koili) kila fungu liwe na koili 3 na mafungu yote 12. Ukihesabu ukapata fungu lina 4 na jingine 2, rudia kuhesabu kabla hujamwita mzee, na ukirudia ikabaki hivyohivyo mwite, inawezekana aliyeisuka kabla yenu alikosea.

Buti vaa za ngozi, ile vanishi na waya wa moto haviendi na raba.