Mchekeshaji akiandika riwaya ya msiba, ataaminika?

Binti Mafinga: Kamwene ndugu zangu. Nina miaka 34, naigiza vichekesho na kikundi chetu hapa Mafinga: harusi, kipaimara, sherehe za mavuno kanisani. Usiku naandika riwaya ya mama aliyefiwa na mtoto. Nilimsomea mwenzangu kurasa kumi, akasema watu wakiona jina langu watacheka kabla hawajafungua kitabu. Imeniuma sana. Kuna mchekeshaji aliyewahi kuvuka huko?

Mwalimu Mstaafu, Uyole: Pole mwanangu. Yupo Dawn French, Mwingereza aliyezaliwa Holyhead, Wales, mwaka 1957. Alikutana na Jennifer Saunders chuoni London, wote wakisomea ualimu wa maigizo, na mwanzoni hawakupatana kabisa! Kipindi chao wawili kilianza BBC mwaka 1987. Mimi nilimjua kwa The Vicar of Dibley, kichekesho cha runinga, kwenye CD nilizoachiwa na mwalimu mmoja wa kujitolea. Humo anaigiza Mchungaji Geraldine, mwanamke wa kwanza kuchunga kijiji kile. Ilianza 1994, mwaka uleule Kanisa Anglikana la Uingereza lilipoweka wakfu makasisi wanawake wa kwanza. Niliwaonyesha wazee wa usharika wetu. Wakacheka hadi machozi, kisha tukabishana mpaka saa nne usiku.

Mama Chai, Tukuyu: Mwalimu, shikamoo. Mdogo wetu kauliza vitabu. Riwaya ya kwanza ya Dawn ilitoka 2010, ameshavuka miaka 50. Soma Because of You, ya 2020. Wanawake wawili wako hospitali moja usiku wa kuamkia mwaka 2000. Mmoja mtoto wake anazaliwa amekufa. Anambeba wa mwenzake, anaondoka naye. Mwaka 2021 iliingia orodha ndefu ya tuzo kubwa ya waandishi wanawake kule Uingereza. Nani alimcheka? Na huzuni anaijua: baba yake alijiua mwaka 1977, binti hajafika hata miaka 20.

Mdogo wangu, mimi nimezika mtoto. Kwetu msibani watu hulia, na jioni yupo shangazi anayewachekesha wafiwa mpaka wanakubali kula. Mimi alinilisha hivyo. Kwenye riwaya yako yumo?

Binti Mafinga: Mwalimu, dada, shikamooni. Pole sana dada. Hayumo. Leo usiku namwingiza ukurasa wa nne, kapanda kilima na sufuria ya ndizi, kandambili moja imebaki kwenye tope.