Siku 14 za kughairi mkataba wa intaneti: kwenye sheria zipo, kwa hawa jamaa hazipo

Wakuu, poleni na baridi. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Niko Reading, hapa Uingereza, napiga zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Jumanne tarehe 4 Novemba nimerudi saa mbili asubuhi, nimejitupa kitandani, usingizi ndiyo unaanza kunoga, simu inaita. Kampuni yangu ya intaneti. Jina nalihifadhi kwa sasa. Dada anaongea kwa bashasha utadhani tumesoma wote.

Mkataba wangu uliisha Oktoba, bei ikaruka hadi pauni 44 kwa mwezi. Taarifa ya kwamba unaisha waliituma, maana Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya hapa, inawalazimisha, mimi nikaipuuza. Hilo kosa langu, nalibeba. Sasa dada anasema ana ofa ya pauni 27. Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, ili nilale. Hapo ndipo nilipoingizwa mjini.

Jioni nafungua barua pepe ya mkataba. Pauni 27 imezaa 34, kwa sababu wamenibambikia kifaa cha kusambaza waifai, pauni 7 kila mwezi. Nyumba yenyewe vyumba viwili! Ruta ikiwa sebuleni inashika mpaka chooni. Muda miezi 24, wakati kwenye simu nilisikia 12. Na kila Aprili wanaongeza pauni 4. Angalau tangu Januari 2025 mikataba mipya lazima itaje ongezeko kwa pauni na peni badala ya zile hesabu za mfumuko wa bei, kwa hiyo niliona kwa macho yangu: Aprili 38, Aprili ya pili 42. Yaani nimekimbia 44 ili nizunguke nirudi mlemle.

Alhamisi tarehe 13 nikapiga simu kughairi. Dakika 52 za muziki wa kusubiria, wimbo mmoja tu, sasa naujua mpaka kwenye kikohozi. Akapokea kijana mmoja, kanisikiliza, kisha akatoa hii: "Haki ya kughairi ni ya wateja wapya. Wewe umehuisha tu, na huduma tayari unaitumia." Naomba niongee na mkubwa wake, mkubwa yuko kwenye kikao.

Wakuu, hebu nisaidieni kufikiri. Kama si mkataba mpya, hiyo miezi 24 imetoka wapi? Mimi nikitaka kutoka, kuhuisha si mkataba. Wao wakitaka kunifunga, ni mkataba wenye kurasa kumi na moja na tarehe yake ya kuanza! Wachague moja.

Nimezisoma zile Kanuni za Mikataba ya Walaji za 2013, nimezisoma kweli, kwenye basi. Mkataba wa huduma uliofungwa kwa simu una siku 14 za kughairi, na hesabu inaanza siku inayofuata ile ya makubaliano. Yangu ya mwisho ni tarehe 18. Sababu hutakiwi kutoa. Kama uliomba huduma ianze ndani ya hizo siku, unalipia siku ulizotumia, basi. Na kampuni isipokueleza kwamba haki hiyo unayo, muda unaweza kurefuka hadi miezi 12 zaidi. Sikuona mahali panapomtoa mteja wa zamani.

Ijumaa tarehe 14 nikawaandikia barua pepe ya sentensi moja: naghairi mkataba niliouhuisha tarehe 4 Novemba. Nikapiga picha skrini, saa inaonekana. Mnaopambana na hawa watu, msiishie kwenye simu, maana ukibishiwa, wa kuthibitisha kwamba ulighairi ni wewe. Jibu la mashine likarudi palepale: tutakujibu ndani ya siku 5 za kazi. Piga hesabu. Siku 5 za kazi zinaishia tarehe 21, siku 3 baada ya muda wangu kufungwa. Bahati nzuri sheria inaangalia siku uliyotuma, haijali wao wameamka lini.

Tarehe 19 nikajaribu kuhamia kampuni nyingine. Siku hizi kampuni unayoiendea ndiyo inayoshughulika na ya zamani, huhitaji kumuaga mtu. Ndani ya dakika moja ya zamani ikaniletea ujumbe: ukiondoka unadaiwa pauni 468 na peni 20 za kuvunja mkataba. Mkataba nilioughairi!

Nimefungua malalamiko rasmi, namba ninayo. Wakigoma naomba barua ya kukiri tumekwama, niende kwa msuluhishi, ambaye mteja halipi kitu. Kuna mtu humu alishafika huko kwa kesi ya kuhuisha, si ya mkataba wa kwanza? Ilichukua muda gani?

Na tafadhali asije mtu kuniambia nizuie makato benki. Shemeji yangu wa Coventry alifanya hivyo, wakamwandikisha mdaiwa sugu, akaja kujua siku anaomba mkopo wa nyumba.

Kile kifaa cha pauni 7 kimeletwa leo asubuhi nikiwa nimelala. Kipo chini ya ngazi na nailoni yake, na ole wake mtoto atakayekifungua.