Mada: CAS (uthibitisho wa chuo wa kuombea viza ya masomo) imekwama, kozi ya kuandika kafanya mtandaoni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mdogo wangu yuko Wete, Pemba, kapata nafasi ya shahada ya pili chuo kimoja huku Uingereza. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS kapata jumla 6.5, ila kuandika 5.5 na wao wanataka 6.0. Wakamwambia afanye kozi yao ya maandalizi ya wiki 6 mtandaoni. Kamaliza, kafaulu. Jana ofisi inasema CAS haitoki mpaka alete ushahidi wa lugha. Ushahidi gani tena, na kozi ni yao? Aliyepitia hili anisaidie, siku zinakwenda.
(Wete–Leicester)

Wa alaykum salaam. Arudie IELTS ya UKVI tu (ile inayokubaliwa na idara ya viza ya Uingereza), hakuna njia nyengine.
(Abu Nassor)

Abu Nassor, sivyo. Mtihani wa aina hiyo kwa kawaida ni lazima kwa kozi za chini ya digrii. Kwa digrii na kuendelea, chuo kikuu chenye rekodi nzuri kinaruhusiwa kumpima mwanafunzi chenyewe. Tafadhali tusipotoshane, watu wanalipia ada ya mtihani kwa maneno yetu.
(Bi Mkubwa, Reading)

Mimi kozi kama hiyo niliifanya nikiwa Chake. Umeme ukikatika nakimbilia kwa shangazi na simu mkononi. Insha niliandika tulivyozoea skuli: methali mwanzo, kuzunguka, hoja mwisho. Mwalimu akaipaka njano aya nzima ya kwanza, pembeni kaandika: "Hoja yako ni ipi?" Nililia. Lakini ndipo nilipojifunza kutanguliza hoja, na kuandika "huenda" pale nilipozoea "kila mtu anajua". Mdogo wako aifungue Academic Phrasebank ya Chuo Kikuu cha Manchester, ni bure.
(Mama Ilham)

Kosa si la watoto. Msingi wanasoma zaidi kwa Kiswahili, sekondari ghafla karibu kila kitu Kiingereza, wananakili ubao. Halafu tunawataka maneno 3,000 yenye marejeo! Serikali ilitazame hili.
(Maalim wa Mkoani)

Maalim, siasa tuziweke kando, mwenzetu ana shida.
(Bi Mkubwa)

Lugha ya skuli si siasa, Bi Mkubwa. Ni watoto wetu hao.
(Maalim wa Mkoani)

Wete umenikumbusha mbali. Karafuu zishaanikwa? Harufu ile ya majamvi asubuhi, wallahi naisikia hapa nilipo.
(Abu Nassor)

Zishaanikwa, kaka, mama kanitumia picha. Ila bado naomba: ushahidi gani wanautaka?
(Wete–Leicester)