Nyundo ya mbao ya kugongea patasi: kichwa kikae kwa gundi, kabari au nini?

Mwanagenzi

Wakuu salaam. Nimepata patasi zenye mipini ya mti na sitaki kuzigonga kwa nyundo ya chuma, maana mipini ya namna hiyo huchakaa na kupasuka haraka. Nimeamua nijichongee nyundo ya mbao. Ninalo gogo la mkwaju lililokauka, na kipande cha mpera kwa ajili ya mpini. Vifaa nilivyo navyo ni msumeno wa mkono, randa, keekee, patasi zenyewe na skwea. Mashine ya kukereza sina.

Naomba kujua kichwa kiwe na ukubwa gani. Pia nimeona nyundo nyingi za mbao ambazo nyuso za kupigia zimelala kidogo, hazikusimama wima. Ni urembo au kuna sababu? Na kubwa kuliko yote: kichwa kinashikwa na nini kisichomoke nikiwa kwenye kazi?

Fundi Tundu

Mdogo wangu, nianze na hilo la mwisho, kwa sababu ukilipatia hilo, mengine yote yanakuja yenyewe. Nyundo nzuri ya mbao haitaki gundi, haitaki kabari, haitaki msumari. Inashikwa na umbo lake. Tundu la kichwa unalichonga liwe pana juu kuliko chini, na mpini nao unauchonga hivyo hivyo, mpana juu na mwembamba kuelekea mkononi. Mpini unaingia kutoka juu, sehemu ya kushika ikitangulia, unateremka mpaka unakaza. Kila unapopiga, kichwa kinataka kukimbilia nje, na huko nje ndiko mpini unakozidi kupanuka. Kwa hiyo kadiri unavyofanya kazi ndivyo kinavyokaza.

Vipimo ninavyotumia mimi: kichwa urefu sentimita 15, kimo sentimita 10, unene sentimita 6 na nusu. Kwa mkwaju uzito hautafika kilo moja, na kwa kuchimba tundu za viungo unatosha kabisa. Nyuzi za mti zilale kwa urefu wa kichwa, ili unapopiga upige kwa ule upande ambako nyuzi zimekatwa. Upande huo unavumilia kipigo. Ubavu hubonyea upesi.

Tundu lenyewe: unene milimita 25, upana milimita 32 chini na 40 juu. Mteremko uwe kwenye kuta mbili tu, zile zinazotazama nyuso za kupigia. Kuta nyingine mbili ziende wima. Lichimbe gogo likiwa bado mstatili safi, kabla hujakata ile milalo, maana kipande cha mraba kinabanwa vizuri kwenye jiriwa na skwea ina pa kuegemea. Weka alama juu na chini, toboa kwa keekee kutoka pande zote mbili mpaka zikutane katikati, kisha safisha kwa patasi. Chonga kijiti chenye mteremko uleule, milimita 4 kwa sentimita 10, ukiegemeze pembeni kikuongoze.

Hapa ndipo pa kutulia. Ukuta wa tundu usiwe na kitambi katikati. Ukiwa na shimo dogo katikati si neno, lakini ukiwa na kitambi, mpini utakaa juu yake na kichwa kitacheza hata ukibana namna gani. Paka mpini penseli, ile risasi laini, pande zote nne. Uingize, ugonge kidogo, uutoe. Chungulia ndani ya tundu: palipoachwa weusi ndipo panapogusa. Palambe kidogo kwa patasi, rudia. Weusi ukianza kuonekana juu na chini kwa pamoja, umefika. Usiwe na haraka, na usikate mpini ili ulifuate tundu bovu, nyoosha tundu.

Mpini acha utokeze juu ya kichwa kama sentimita moja. Mti ukizidi kukauka utalegea, na hapo utahitaji nafasi ya kushuka. Dawa yake ni kugeuza nyundo kichwa chini na kugonga ile ncha ya juu ya mpini kwenye benchi mara mbili tatu.

Jambo moja wengi hulisahau: sehemu ya kushika haiwezi kuwa nene kuliko mdomo wa chini wa tundu, la sivyo haipiti. Ivunje kona zake, uifanye iwe na umbo la yai, si duara. Mkono unajua uso wa nyundo umeelekea wapi bila macho kuangalia.

Mwanagenzi

Shikamoo mzee. Nimeelewa kuhusu tundu. Na ile milalo ya nyuso?

Fundi Tundu

Marahaba. Ina sababu, na sababu ni kiwiko chako. Mkono hauteremki wima, unazunguka. Uso ukiwa wima, kona moja ndiyo itakayotangulia kugusa patasi, na patasi itapinda.

Chukua kipande cha plaiwudi, chora mstari wa mpini, chora na kichwa kwa ukubwa wake halisi. Shika mpini uliouchonga kana kwamba unapiga, ulaze mkono juu ya mchoro, na utie alama kiwiko kilipo. Gonga msumari hapo. Funga uzi, uuvute mpaka katikati ya uso mmoja wa kupigia, chora. Kisha uso wa pili. Mistari hiyo miwili ndiyo milalo yako. Mara nyingi inatoka digrii 5 hadi 7, lakini usinakili yangu. Mikono haifanani. Ukishakata na kupiga randa, vunja kingo zote kwa tupa ya mbao, milimita 4 au 5, la sivyo zitabanduka vipande siku ya kwanza.

Kona Skwea

Naongeza kwa heshima: anayepiga kwa bega, kama wakati wa kufunga viungo vikubwa, kitovu cha mzunguko kiko mbali zaidi, kwa hiyo mlalo mdogo zaidi unamtosha. Fundi Tundu anazungumzia kazi ya patasi mezani, na kwa hiyo yuko sahihi.

Swali kwako Mwanagenzi: gogo lako lina kiini? Kama kile kiini cha mti kimepita katikati, lipasue ukitoe. Nyufa huanzia pale na kufuata mpaka nje. Na kama ndani bado kuna unyevu, paka nta kwenye ncha zote mbili, kwa kuwa ncha hukauka haraka kuliko katikati na ndizo zinazopasuka.

Dada Randa

Kwa asiye na gogo nene, au asiyeamini mkono wake kwenye tundu refu, kuna njia ya matabaka. Unahitaji mbao tatu. Ya kati iwe na unene uleule wa mpini. Unaikata vipande viwili, ncha zao ukizikata kwa ule mteremko, unaviacha na nafasi ya mpini katikati, mpini wenyewe ukiwa ndani kama kipimo, halafu unabandika mbao za pembeni kwa gundi na kubana kwa klempu. Tundu limejitengeneza, kuta safi. Nyuzi za mbao zote tatu zielekee upande mmoja, na uchomoe mpini kabla gundi haijashika. Mimi natumia hiyo kila siku na haijafunguka.

Mwanagenzi

Asante sana dada, ila nimeshatamani lile tundu. Kiini kiko pembeni, nitakikata. Mwisho: nipake vanishi?

Fundi Tundu

Vanishi hapana, inateleza mkononi na kwenye uso inabanduka. Paka mafuta ya kitani, uyaache yanyweke, ufute yaliyobaki. Zile nyuso za kupigia zinakunywa sana, zipe zaidi. Na tambara ulilofutia usilikunje ukalitupa kona: mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na tambara lililokunjwa linaweza kuwaka lenyewe. Lianike wazi nje mpaka likauke kabisa ndipo ulitupe.